Yai Liingie Ndani, Kuku Alale Nje



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: kuku na kware tunaowafuga nyumbani katika nchi hizi za milima na baridi. Kwa hakika si dogo. Linagusa sahani ya mtoto, linagusa pumzi yake usiku, na linagusa pale tunapoweka paji la uso tunaposujudu. Tuanze na yaliyotukuta sisi wenyewe, maana si adabu kumnyooshea jirani kidole na hali kwako mna moshi.

Sisi tunaishi Musanze, mji ambao wazee bado wanauita Ruhengeri, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, chini ya milima ya Virunga. Mgeni anayetoka Bujumbura au Dar es Salaam hutucheka kwa masweta yetu mpaka usiku wa kwanza umkute. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, huja na ukungu. Nguo zinakaa kambani siku tatu bila kukauka, na ukuta wa mawe ya volkano hutoa ubaridi kama mtungi.

Miaka kadhaa iliyopita, katikati ya mvua za Aprili, tulinunua vifaranga 30 wa siku moja. Banda lilikuwa halijaisha kujengwa. Tukasema hakuna neno, watakaa sebuleni ndani ya boksi kwa wiki mbili tatu. Usiku wa pili baridi ilizidi, vifaranga wakawa wanalia na kupandana. Tukaingiza mbabura yenye makaa, tukafunga dirisha, tukaziba chini ya mlango kwa kitambaa ili joto lisitoke. Mlango wa chumba cha watoto tuliuacha wazi, nao wapate joto. Tulijiona wenye akili sana.

Alfajiri, mmoja wetu alipoamka kwa ajili ya swala, kichwa kilikuwa kinagonga na miguu haimbebi. Akasikia binti yetu mdogo anatapika. Tulifungua milango na madirisha yote, tukawatoa watoto uani na mablanketi yao, mvua ikinyesha. Alhamdulillahi, wote walipona. Vifaranga zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Muuguzi tuliyemwendea asubuhi ile alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Wazazi wangu, mkaa hauna huruma. Mngechelewa saa moja, leo mngekuwa mmekuja kwa habari nyingine."

Maneno yale hayajatutoka. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna sheria moja, nayo ndiyo tunayotaka kuitetea mbele yenu: yai liingie ndani, kuku alale nje.

Kwa nini nje?

Tunajua fika kwamba hatuko peke yetu. Kuanzia Kabale hadi Bukavu, na huku kwetu Musanze, familia nyingi huwalaza kuku jikoni, chini ya kitanda, au kwenye korido. Hawafanyi hivyo kwa uzembe. Wanafanya kwa huruma na kwa hofu: huruma ya baridi na hofu ya mwizi. Lakini huruma isiyo na elimu inaweza kudhuru, na sisi ni mashahidi.

Jambo la kwanza ni huo mkaa. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ndiyo maana mtu hudhani kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi kuisha, hatari imekwisha. La hasha, gesi hiyo haionekani hata hapo. Anayelala huendelea kulala. Hivyo basi, mbabura isilale ndani ya nyumba wanamolala watu, iwe kwa ajili ya kifaranga, iwe kwa ajili ya mgonjwa, iwe kwa ajili ya mzazi aliyejifungua.

Jambo la pili ni kinyesi. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza kaya za vijijini nchini Ethiopia, nchi ya milima kama yetu, walitoa matokeo yanayostahili kusomwa na kila mzazi. Waliona kwamba watoto wa kaya zenye kuku walielekea kukua vizuri zaidi kwa urefu. Lakini pale kuku walipolazwa usiku ndani ya nyumba ya watu, uhusiano uligeuka: watoto walielekea kuwa wafupi zaidi. Kuku ni wale wale, mayai ni yale yale, tofauti ni mahali pa kulala. Watafiti hao walisema wazi kwamba huo ni uchunguzi wa uhusiano tu, si uthibitisho wa kila kitu. Lakini mwenye mtoto anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni hahitaji kuelezwa mengi. Kinachotoka kwa kuku kinaingia kwa mtoto, anaharisha leo, anaharisha wiki ijayo, na chakula anachokula hakikai mwilini.

Jambo la tatu tunalijua sote. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na katika madhehebu hayo kinyesi cha kuku ni najisi. Nyumba ambayo kuku anazunguka sebuleni ni nyumba ambayo mama anatandika mswala kwa wasiwasi kila swala. Kwa nini tujitie katika dhiki hiyo?

Lakini baridi je? Na wezi?

Hapa ndipo wenzetu wanapotusimamisha. Wanasema, "Nyinyi mnasema tu, usiku wa Julai hapa kuku ataganda."

Ukweli ni kwamba kuku mzima mwenye manyoya kamili haogopi baridi ya kwetu. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, kuliko letu, na amevaa koti aliloumbiwa. Kinachomwua mlimani ni vitu viwili: unyevu, na upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala. Kuku mkavu kwenye baridi anastahimili, lakini kuku mwenye manyoya mabichi juu ya matandazo mabichi anaugua. Na hapo tunafanya kosa la pili: tunaziba kila tundu la banda ili lipate joto. Pumzi ya kuku na kinyesi chake hutoa mvuke. Mvuke ukikosa njia, unarudi kama matone juu ya bati na kuwadondokea. Ukiingia asubuhi ukasikia harufu kali inayochoma macho, jua kuku wamelala humo humo usiku kucha wakiivuta. Kifua kitawabana, na wewe utasema ni baridi.

Kwa hiyo banda la mlimani lijengwe hivi. Sakafu iinuliwe kutoka ardhini, hata nusu mita kwa nguzo za mbao, ili maji ya mvua yapite chini. Kuta za chini zizibwe vizuri upande wa upepo, lakini juu kabisa, karibu na paa, paachwe uwazi wenye wavu wa matundu madogo ili mvuke utoke juu ya vichwa vya kuku bila upepo kuwapiga. Paa litokeze mbele na nyuma ili mvua ya ubavu isiingie. Ndani pawekwe fito za kulalia, na chini matandazo makavu ya maranda ya mbao au nyasi kavu, unene wa sentimita 8 hadi 10, yageuzwe mara kwa mara na yaliyolowa yatolewe. Kwa kuku 5, banda la mita moja kwa mita moja na nusu linatosha, mradi mchana wapate kutoka.

Matandazo makavu yanazuia pia ugonjwa wa kuharisha damu, ambao vijidudu vyake hupenda unyevu na huangamiza vifaranga haraka. Ama chawa na utitiri, sisi tunaoishi miguuni pa volkano tumejaliwa mashamba ya pareto. Maua yake yaliyokaushwa na kusagwa yana sumu ya wadudu hao, na wazee wetu wanalijua hilo.

Kuhusu wezi, hatuna jawabu la kimiujiza. Banda liegemee ukuta wa nyumba upande wa chumba cha wazazi, mlango wake utazame dirisha letu, na kufuli liwe la kweli. Kuku 5 waliofungiwa hivyo wanalindika kuliko kuku 50 waliotawanyika. Na ni bora mwizi akuibie kuku kuliko makaa yakuibie mtoto.

Kifaranga ndiye mwenye haki ya joto

Kifaranga, tofauti na mama yake, hana koti. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki, mpaka manyoya yafunike mwili akiwa na wiki 5 au 6. Huhitaji kipimajoto cha gharama. Vifaranga wenyewe wanasema. Wakipandana na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuacha midomo wazi, wana joto. Wakijazana upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika na kula kwa utulivu, mambo ni sawa.

Njia iliyo bora kwa familia ni mama kuku. Kuku wa kienyeji hulalia mayai yake siku 21, kisha huyafunika makinda kwa mbawa zake bure, bila mkaa wala umeme. Asiye na mama kuku ajifunze kutoka Ethiopia, ambako katika nyanda za juu hutumika sanduku la nyasi: sanduku dogo la mbao ndani ya kubwa, katikati pameshindiliwa nyasi kavu, na juu pana mfuniko mwepesi unaopitisha hewa. Vifaranga wanaingia humo na kujipasha kwa joto la miili yao wenyewe. Sisi tunaongeza chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, tunazibadilisha kabla ya kulala na tena alfajiri. Sanduku linakaa stoo ya nje. Kwa njia hii, kundi la pili tulipoteza vifaranga wawili tu kati ya 20.

Halafu kuna chanjo. Kideri kinapopita mtaani hakichagui, na kikishaingia bandani hakina dawa. Chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4 kulingana na maelekezo ya daktari wa mifugo. Majirani wachanganye fedha na wachanje siku moja, maana chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja.

Tutoe pia tahadhari kwa wanaotaka kuku wa nyama wanaokua kwa wiki 6. Wale waliumbiwa mbio na banda la tambarare. Kwenye mwinuko kama wetu, hewa ni nyepesi, moyo na mapafu yao hushindwa kuufuata mwili, na baridi huzidisha. Wengi hujaa maji tumboni na kufa wakiwa wamebakiza siku chache kuchinjwa. Kuku wa kienyeji, au chotara kama Kuroiler na Sasso, anakua polepole zaidi, lakini anafika.

Ama kware

Wengi mnatuuliza juu ya kware. Kwanza, kumla ni halali bila shaka. Ndege huyu ndiye wanazuoni wengi wanayemfasiri katika salwa, waliyoteremshiwa Wana wa Israili pamoja na manna. Pili, ni ndege mwema kwa nyumba isiyo na uwanja. Hutotolewa kwa siku 17 au 18, huanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 8, na kware 15 wanakaa vizuri kwenye kizimba cha ukubwa wa meza ndogo.

Lakini semeni nasi ukweli, mlimpenda kware kwa ajili ya hayo, au kwa ajili ya uvumi? Mwaka 2013, nchini Kenya, watu waliambiana kwamba yai la kware linatibu shinikizo la damu, kisukari na hata UKIMWI. Bei ikapanda mara nyingi kuliko yai la kuku. Watu waliacha kazi, wengine walikopa, wakajenga vibanda. Kufika 2014 kila mtu alikuwa na kware na hakuna mnunuzi. Bei ikaporomoka, na deni likabaki pale pale. Yai la kware ni chakula kizuri, basi. Protini yake kwa uzito inalingana takriban na ya yai la kuku, ila mayai 5 ya kware ndiyo yanafanya yai moja la kuku. Si dawa ya ugonjwa wowote katika hiyo iliyotajwa.

Na kware ana masharti yake mlimani. Mwili mdogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo makinda yake yanahitaji joto la nyuzi 35 hadi 37 siku za mwanzo, zaidi ya kifaranga wa kuku. Kware wa kufugwa amesahau kulalia mayai, hivyo utahitaji mashine ya kutotolea, au utanunua makinda. Chakula chake kinataka protini nyingi, na hawezi kujitafutia uani. Kwetu tunaongeza sambaza za Ziwa Kivu zilizokaushwa na kusagwa. Kutaga kwake hutegemea mwanga wa saa 14 hivi, na sisi tulio karibu na ikweta tuna saa 12 tu, kwa hiyo taa ndogo ya sola jioni humsaidia. Kizimba kiwe kifupi kwenda juu, maana akishtuka huruka wima na kujipasua kichwa. Wala asichanganywe na kuku banda moja, kwani huambukizana magonjwa. Naye pia alale nje au kwenye baraza lililokingwa, si juu ya kabati la chumba cha watoto, kama tulivyoona kwenye nyumba moja tuliyoalikwa.

Yai ni la nani?

Sasa tufike penye kiini. Katika mkoa wa Cotopaxi, kwenye milima ya Ecuador, mwaka 2015 watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi 6. Udumavu ulipungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na watoto ambao hawakupewa. Jaribio kama hilo lilipofanywa Malawi mwaka 2018, halikuonyesha tofauti kubwa ya ukuaji. Watoto wa kule, karibu na ziwa, walikuwa tayari wanakula samaki mara nyingi. Kwa hiyo yai si muujiza. Ni chakula chenye nguvu zaidi kwa mtoto ambaye hapati samaki, nyama wala maziwa. Na huyo, ndugu zetu, ndiye mtoto wa mlimani, anayeshiba viazi asubuhi na viazi jioni. Hapa Rwanda, utafiti wa kitaifa wa 2019 hadi 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, tena katika nchi inayovuna viazi kwa malori.

Tufanye hesabu. Kuku chotara 5 wanaotunzwa vizuri, kila mmoja akitaga mayai 150 kwa mwaka, wanatoa mayai 750. Hayo ni mayai 14 kwa wiki, yaani yai moja kila siku kwa watoto wawili. Ukipenda kware, utahitaji kama 15 kwa kazi hiyo hiyo, na chakula chote cha kununua. Hatuhitaji mradi wa kuku 500. Tunahitaji kuku 5, na uamuzi.

Uamuzi huo ndio mgumu. Tumeona nyumba yenye kuku 10 ambayo mtoto hajui ladha ya yai, kwa kuwa trei nzima huenda sokoni Jumamosi, na fedha yake inarudi kama soda na muda wa simu. Tumeona pia nyumba ambazo yai ni la baba na wageni. Wapo hata wazee wetu waliokua katika mila za kumkataza mwanamke kula kuku na mayai, kama ilivyokuwa Uganda kwa Wabaganda. Dini yetu haikumharimishia mama wala mtoto chakula hiki. Basi kwanza apate mtoto, kisha mama mjamzito na anayenyonyesha, na kinachozidi ndicho kiende sokoni. Baba akila la mwisho hatapungua heshima.

Watoto nao wawe na kazi: mmoja abadilishe maji, mwingine aokote mayai, wote wanawe mikono kwa sabuni. Wafundishwe kwamba kiumbe uliyemfungia ni amana. Ukimnyima maji, huko nje hawezi kujitafutia. Kinyesi kikusanywe, kioze vizuri kwa miezi kadhaa, kiende kwenye bustani ya jikoni kuotesha dodo na kabeji. Hapo kinyesi kimepata mahali pake.

Wazazi wenzetu, mvua zinakuja tena, na usiku mmoja baridi itawashawishi kuwaingiza ndani, pamoja na mbabura. Tunawaomba mtukumbuke sisi usiku huo, tulivyosimama uani na watoto kwenye mablanketi, tukihesabu pumzi zao. Jengeni banda kabla ya kununua kuku, si baada.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na atubarikie tulivyonavyo.